Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Nani Anayevika?

Swali limetoka kwa msomaji wetu wa Morogoro, mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha huko:

“Shikamoo. Mimi ni mpenzi wa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, na hukesha na simu mkononi Machi ikifika. Msimu wa 2025 uliniacha na maswali. Ubingwa ulichukuliwa na UConn, na Azzi Fudd wao akatangazwa bora wa fainali. Lakini mchezaji bora wa mwaka akawa JuJu Watkins wa USC, ambaye wakati huo alikuwa ameumia na timu yake imeshatolewa. Kocha wa mwaka naye akawa Cori Close wa UCLA, aliyefungwa na UConn hao hao kwenye nusu fainali, 85 kwa 51! Tuzo ya kweli ni ipi, na hawa watu huwa wanachaguaje? Nauliza pia kwa kuwa mimi na wenzangu watatu tumepewa kazi ya kuandaa tuzo za ligi yetu ya vyuo.”

Marahaba, mwalimu. Tuanze na lililo jepesi: tuzo moja ya kweli haipo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na Marekani bingwa huvikwa pete hasa, ya kidoleni, yenye vito na jina lake. Ila methali imetaja chanda na pete tu, mvikaji haikumtaja. Kwenye kikapu cha vyuo wavikaji ni wengi, kila mmoja ana pete yake, na hakuna aliyepewa mamlaka juu ya mwenzake. Shirika la michezo ya vyuo, NCAA, huendesha mashindano na kutoa kombe, lakini zile tuzo za mchezaji bora wa mwaka unazozisikia zimeanzishwa na watu wengine kabisa: klabu, chama cha makocha, shirika la habari.

Tuzo ya Naismith, yenye jina la mtu aliyebuni mchezo huu, ni ya klabu moja ya mashabiki na wadau wa Atlanta. Wanaume waliipata kuanzia 1969. Wanawake walisubiri hadi 1983, na wa kwanza kuibeba alikuwa Anne Donovan wa Old Dominion. Kura zake ni za jopo la wanahabari na watu wa mchezo, na mwishoni mashabiki nao hupewa sehemu ndogo. Tuzo ya Wooden ni ya klabu ya riadha ya Los Angeles. Wanaume 1977, wanawake 2004, kwa Alana Beard wa Duke. Shirika la habari la Associated Press lina yake: wanaume 1961, wanawake 1995, kwa Rebecca Lobo wa UConn. Wapiga kura wa AP ni wale wale waandishi wanaopanga orodha ya timu 25 bora kila wiki. Umeona ile miaka? Kila mahali dada zetu wamefika kwenye meza wakati kaka zao wameshakula na kunawa. Kuna tuzo moja kubwa ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya wanawake wenyewe, nayo nitaifikia, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sasa tumtazame JuJu. Kura za AP hupigwa kabla ya mchujo wa Machi, yaani yale mashindano ya NCAA ya kutafuta bingwa, kuanza. Ni kura ya msimu, yaani miezi minne ya mechi, za nyumbani na za ugenini, timu ndogo na kubwa. JuJu aliumia goti tarehe 24 Machi 2025, mzunguko wa pili wa mchujo, na kufikia hapo kazi yake ya msimu ilikuwa imekwisha kuonekana. (Wapinzani usiku ule walikuwa Mississippi State, waliokuwa na Mkenya wetu Madina Okot. Nitamrudia.) AP wakampa, Naismith wakampa, Wooden wakampa. Fudd yeye alipewa tuzo nyingine kabisa, ya mchezaji aliyeng’ara kwenye hatua ya timu nne za mwisho, inayotolewa tangu NCAA walipoanzisha mashindano ya wanawake mwaka 1982. Hiyo inapima wikiendi moja. Fudd aliifungia UConn pointi 24 kwenye fainali dhidi ya South Carolina, wakashinda 82 kwa 59. Alistahili, na JuJu alistahili, wala hakuna aliyemwibia mwenzake. Miaka miwili kabla yake ilikuwa vile vile: 2023 Caitlin Clark wa Iowa alichukua Naismith, na Angel Reese wa LSU akawa bora wa fainali baada ya kumfunga Clark huyo huyo 102 kwa 85. Watu waligombana mitandaoni mwezi mzima wakidhani wanabishania kitu kimoja.

Hili la tarehe ya kura nalisema kwa uchungu kidogo. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya tuzo za ligi moja, jina nalihifadhi, na tukapiga kura jioni ya fainali, uwanja bado unapiga kelele. Msichana aliyefunga kikapu cha mwisho alibeba tuzo ya msimu mzima. Yule aliyeongoza kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, tangu mechi ya kwanza alikaa pale kwenye benchi akipiga makofi. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kura hiyo.

Kwa makocha mambo ni magumu zaidi. Mchezaji ana takwimu: pointi, ribaundi, asisti, mipira aliyopokonya. Kocha utampima kwa nini? Ukimpima kwa kushinda, tuzo itakuwa inaenda kwa watu wale wale wenye vyuo vyenye fedha na majina. Matokeo yake, bila kuandikwa popote, tuzo ya kocha wa mwaka imekuwa tuzo ya kuwashangaza watabiri. UConn kuwa bingwa hakumshangazi mtu, maana lile la 2025 lilikuwa kombe la 12 la Geno Auriemma. Lakini Cori Close aliichukua UCLA akaifikisha namba moja ya nchi kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo, kisha akaiingiza timu nne za mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu NCAA waanze kuandaa mashindano haya. Ndiyo maana akapewa. Mimi naona ni sawa, ingawa njia hii ina dhuluma yake: kocha anayefanya vizuri kila mwaka huzoeleka, na aliyezoeleka hasifiwi.

Kwa hiyo wakubwa wa kazi hii wameenziwa kwa njia nyingine. Pat Summitt alikabidhiwa timu ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22. Mwenyewe alikuwa anaendesha gari la timu, mwenyewe anafua jezi. Alikaa misimu 38, akashinda mechi 1,098 na makombe 8, na hakuwahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Sakafu ya uwanja wa Tennessee ilipewa jina lake mwaka 2005. Lakini takwimu ninayoipenda mimi kwa Summitt haina mpira ndani yake: kila mchezaji aliyemaliza muda wake wa kucheza chini yake alihitimu masomo. Kila mmoja, kwa miaka 38. Mwaka 2011 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kusahau, akafundisha msimu mmoja tena, akastaafu. Alifariki 2016. Tara VanDerveer wa Stanford naye alistaafu mwaka 2024 akiwa na ushindi 1,216, na sakafu ya kwao sasa ina jina lake. Kila anayeingia kucheza pale anakanyaga jina la bibi yule.

Chama cha makocha wa kikapu cha wanawake nacho kina tuzo isiyotangazwa sana, yenye jina la Carol Eckman, kwa kocha mwenye moyo wa ujasiri na uungwana wa michezo. Eckman ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya kitaifa ya wanawake wa vyuo mwaka 1969, huko West Chester, Pennsylvania, timu 16. Hakusubiri ruhusa ya wakubwa. Aliita timu, timu zikaja.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye ile tuzo niliyokuahidi, na kwenye jambo hasa ninalotaka ulichukue, mwalimu.

Miaka ya thelathini ya karne iliyopita, kwenye mji mdogo wa Cleveland jimboni Mississippi, chuo cha Delta State kilikuwa na timu ya wasichana, na mmoja wao aliitwa Margaret Wade. Mwaka 1932 wakubwa wa chuo wakaifuta timu, wakisema kikapu ni kigumu mno kwa miili ya mabinti. Wachezaji walilia, kisha wakazichoma moto jezi zao. Wade akaenda kufundisha shule za sekondari. Miaka ikapita, wakubwa wakabadilika, sheria ya 1972 ikakataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kubagua kwa jinsia, na mwaka 1973 chuo kile kile kikamwendea mama huyu, aliyekwisha kutimiza miaka 60, kimwombe awashe upya moto kilichouzima chenyewe. Akakubali. Akatwaa ubingwa wa taifa 1975, 1976 na 1977, mfululizo, ndani yake mkiwa na mechi 51 bila kupoteza hata moja. Mwaka 1978 tuzo ya mchezaji bora wa wanawake ikaanzishwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo Tuzo ya Wade. Wa kwanza kuipata alikuwa Carol Blazejowski wa Montclair State. Ilitangulia Naismith ya wanawake kwa miaka mitano. Nayo haiangalii pointi peke yake, huangalia pia uongozi, tabia, na jinsi mchezaji anavyoibeba timu yake.

Ila tazama mwaka ule, 1978. Nyuma ya makombe matatu ya Wade alikuwapo Lusia Harris, binti Mweusi kutoka familia ya wakulima wa Mississippi, senta ambaye hakuna aliyemweza chini ya kikapu. Alimaliza chuo na pointi 2,981 na ribaundi 1,662. Kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, wanawake walipocheza kikapu cha Olimpiki kwa mara ya kwanza, kikapu cha kwanza kabisa kilifungwa na yeye. Mwaka 1977 timu ya wanaume ya New Orleans Jazz ikamchagua kwenye usajili wa NBA, akakataa kwenda. Alipata heshima zake, ikiwemo ile ya mwanamichezo wa kike bora wa vyuo vyote mwaka 1977. Lakini tuzo yenye jina la kocha wake ilizaliwa mwaka mmoja baada ya yeye kuhitimu. Aliyeijenga nyumba hakulala ndani. Alifariki Januari 2022, na kizazi kizima cha mashabiki kilimjua mwaka ule ule wa kumzika.

Na wengine hawakukosa pete tu, hesabu yenyewe iliwakosa. Kabla ya 1982 michezo ya wanawake wa vyuo ilikuwa chini ya chama chao, AIAW. NCAA walipoingia, chama kile kikafa, na madaftari yake yakabaki nje ya mlango. Lynette Woodard alicheza Kansas kuanzia 1977 hadi 1981, akafunga pointi 3,649. Alizifunga kwa mpira wa ukubwa wa wanaume, maana ule mdogo wa wanawake ulikuja baadaye, na bila mstari wa pointi tatu, ambao haukuwapo. Mapema 2024, Clark alipokuwa anazifukuza rekodi, tarehe 15 Februari nchi nzima ilisimama kumshangilia kwa kuipita rekodi ya NCAA, pointi 3,527 za Kelsey Plum. Rekodi ya Woodard ilipitwa wiki mbili baadaye, 28 Februari, na vitabu vya NCAA wakati huo havikuwa vikiihesabu. Kocha wa Clark, Lisa Bluder, ndiye aliyepaza sauti kwamba rekodi halisi ni ya Woodard. Namheshimu sana kwa hilo, kwani lilikuwa linamnyima mchezaji wake mwenyewe sherehe moja. Clark alimaliza na pointi 3,951.

Hata hapo hesabu haijaisha. Yuko Pearl Moore, aliyeanzia chuo cha Anderson kisha akacheza chuo kidogo cha Francis Marion, South Carolina, akamaliza mwaka 1979 na pointi 4,061 kwa jumla. Umeisoma sawasawa, zaidi ya Clark. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Naismith mwaka 2021, miaka 42 baada ya mechi yake ya mwisho ya chuo.

Basi unapouliza nani bora, mwalimu, uliza kwanza nani alikuwa anaandika, na kuanzia lini. Ndiyo maana nafurahi kwamba wanawake walijijengea ukumbi wao wa heshima, Knoxville, Tennessee, uliofunguliwa mwaka 1999. Nje yake kuna mpira wa kikapu wenye urefu wa futi 30, uzito wa tani 10. Hakuna atakayesema hakuuona.

Nikutajie na heshima zisizopigiwa kura, maana hizo ndizo zinazonitoa machozi. Dawn Staley alichukua Naismith akiwa mchezaji wa Virginia, 1991 na 1992, kisha mwaka 2020 akaichukua akiwa kocha wa South Carolina, wa kwanza kuipata pande zote mbili. Lakini sikiliza hili. Carolyn Peck wa Purdue alikuwa kocha mwanamke Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NCAA, mwaka 1999. Kule bingwa hukata nyavu za kikapu, kila mtu akabaki na kipande chake. Peck alimpa Staley kipande cha wavu wake, akamwambia akae nacho mpaka atakapotwaa ubingwa wake. Staley akatwaa 2017. Naye akaukata wavu wake vipande, akawatumia makocha wanawake Weusi wa vyuo vikubwa nchini, mmoja mmoja. Uzi wa nailoni tu, hauna thamani ya soda. Nadhani wengi wao wangekubali kuuza kombe la ligi kabla ya kuuza kipande kile.

Mchezaji wake wa timu ile ya 2017, A’ja Wilson, alisimamishiwa sanamu mbele ya uwanja wa chuo Januari 2021. Siku ya kuifunua alimkumbuka bibi yake, aliyekulia mji huo huo wa Columbia katika enzi za ubaguzi. Bibi hakuruhusiwa kukatiza ndani ya chuo kile. Alilazimika kukizunguka kwa nje. Sasa mjukuu wake amesimama pale kwa shaba, na wanafunzi ndio wanaomzunguka yeye.

Kuhusu watu wa kwetu, wengi mtamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mchezaji bora mwenza wa ligi ya Big East mwaka 2009 akiwa UConn, upande wa wanaume. Kwa wanawake njia imeanza kufunguka. Mnyarwanda Bella Murekatete alikuwa na Washington State walipotwaa ubingwa wa mchujo wa ligi ya Pac-12 mwaka 2023, wa kwanza kwa timu hiyo. Na Okot, aliyechezea Zetech kwao Kenya kabla ya Mississippi State, alihamia South Carolina ya Staley kwa msimu wa 2025–26. Kwa nafasi yake mtafute kwenye orodha za tuzo ya Lisa Leslie, ambayo ni ya masenta. Tangu 2018 kila nafasi uwanjani ina tuzo yake, ikifuata nyayo za ile ya Nancy Lieberman ya pointi gadi, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, iliyoanza mwaka 2000 kwa Sue Bird. Mgawanyo huu mimi nauafiki sana, kwa sababu kura za jumla huwapenda wafungaji, na senta anayesukumana chini ya kikapu dakika 30 hupotea machoni.

Sasa ligi yenu. Msianze na vikombe, anzeni na tarehe: kura ya msimu ifungwe siku moja kabla ya nusu fainali, na bora wa fainali achaguliwe peke yake, siku ile, hata na watu watatu tu waliopo uwanjani. Makocha wapige kura lakini asiwepo wa kumpigia mchezaji wake. Majina ya wapiga kura yabandikwe ukutani. Mkiwa na fedha ya tuzo nne tu, tatu ziwe za wachezaji na moja ya kocha, na kwenye ile ya kocha ulizeni pia wangapi kati ya mabinti zake wamefaulu mitihani. Mkitaka kuipa tuzo jina, msikimbilie mfadhili. Ulizieni hapo Morogoro nani alikuwa anawafundisha wasichana kikapu wakati uwanja ni wa vumbi na ringi haina wavu. Yupo. Na kama yu hai, mwiteni aikabidhi kwa mkono wake.

Ila kabla ya yote hayo, nenda kafungue kabati la ofisi ya michezo ukanitazamie jambo moja. Karatasi za matokeo za mechi za wasichana za miaka mitano iliyopita, mnazo, au zilishafungiwa vitumbua?